Maabara ya utafiti iwe chini ya nani? Jibu kwa mkemia wa Likasi

Swali lililoletwa, kwa ufupi: "Mwalimu, mimi ni mkemia, nasimamia maabara ndogo ya kampuni ya shaba karibu na Likasi. Mpaka sasa nilikuwa naripoti kwa mkurugenzi mkuu. Sasa wanataka kutuweka chini ya shefu wa uzalishaji. Wanasema utafiti wetu unakula pesa na matunda hayaonekani. Makampuni makubwa ya dunia yaliendeshaje maabara zao? Maabara iwe chini ya nani, na mtu atajuaje kama inastahili pesa inayopewa?"

Dada yangu, asante kwa kuandika mapema, kabla mkutano wenu haujafanyika. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Usipigane sana juu ya nani awe shefu wako. Pigania vitu viwili: pesa ya utafiti itoke wapi na idumu muda gani, na nani atakuwa anatembea kati ya maabara na kiwanda. Nimefundisha metalujia, elimu ya metali, hapa Lubumbashi miaka mingi, na historia ya maabara hizi naisoma kwa mapenzi. Kila nikiirudia nakuta kampuni ileile ikiiweka maabara juu kwa mkurugenzi, ikiishusha kwa watu wa uzalishaji, kisha ikiipandisha tena. Maabara zilizozaa zimezaa zikiwa juu na zikiwa chini. Zilizokufa vilevile.

Kampuni iliyopita njia yako hatua kwa hatua ni DuPont ya Marekani. Hao walikuwa watu wa baruti. Mwaka 1902 walifungua Eastern Laboratory kule Repauno, New Jersey, jirani kabisa na kiwanda cha dainamiti, chini ya idara iliyokuwa ikitengeneza dainamiti hiyo. Ndicho hasa wanachokitaka wakubwa wako. Mwaka uliofuata, 1903, wakafungua nyingine, Experimental Station, karibu na Wilmington, Delaware, nje ya uzalishaji, kwa maswali yanayohitaji muda. Ile ya kwanza ilijilipa haraka. Ilishusha gharama za kutengeneza baruti, ikatoa dainamiti isiyoganda upesi wakati wa baridi, na mtu wa hesabu aliona faida yake kwa macho. Ile ya pili ilibidi ijitetee. Mwaka 1911 zote mbili zikawekwa chini ya idara moja ya kemia. Halafu mwaka 1921 kampuni ikapangwa upya, kila kitengo kikawa na uongozi wake: rangi za nguo, rangi za kupaka, baruti na kadhalika. Watafiti wakagawiwa kwa vitengo, na ile idara ya kati ikabaki mifupa mitupu.

Hapo ndipo alipoingia mtu kama wewe. Jina lake Charles Stine, alipewa idara hiyo ya kati mwaka 1924. Hakwenda kulalamika kwa wakubwa. Alianza kufanya kazi za kulipwa na vitengo vyenyewe: kitengo kina tatizo, kinamletea, kinalipa. Alipokwisha kujenga jina zuri kwa njia hiyo, Desemba 1926 akaandika ombi jipya kwa kamati ya uongozi: kampuni itenge pesa kwa ajili ya sayansi yenyewe, bila kuahidi bidhaa. Kamati ikasita. Akarudi na ombi lililopangwa vizuri zaidi. Safari hii alitaja maeneo machache tu, na yote yaligusa viwanda ambavyo DuPont ilikuwa navyo tayari: vichocheo (vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kemia), koloidi (chembe ndogo mno zilizotawanyika ndani ya kitu kingine), jinsi molekuli ndogo zinavyoungana kuwa ndefu. Mwaka 1927 wakakubali.

Mwanzoni mwa 1928 akamleta Wallace Carothers, kijana aliyekuwa akifundisha Harvard, akampa uhuru wa kuchunguza molekuli ndefu. Aprili 1930, ndani ya mwezi mmoja, kikundi chake kikapata vitu viwili: mpira wa kutengenezwa uliokuja kuitwa neoprini, na uzi wa kwanza wa poliesta wenye nguvu. Miezi miwili baadaye Stine akapanda cheo, akaja Elmer Bolton, mtu wa mkono mgumu zaidi, aliyetaka kila kazi ijue inaelekea wapi. Wengi wakisimulia kisa hiki humfanya Stine malaika na Bolton mbaya. Mimi sikubali. Ule uzi wa poliesta wa 1930 uliyeyuka kwa joto dogo mno, haukufaa kwa nguo. Bolton ndiye aliyemsukuma Carothers arudi kwenye nyuzi. Februari 1935 nailoni ikapatikana, na Bolton ndiye aliyechagua aina ya nailoni ambayo malighafi yake ingepatikana kwa wingi na kwa bei ya kufaa, ingawa Carothers alipendelea nyingine. Kiwanda cha Seaford kilianza kutoa nyuzi mwishoni mwa 1939. Bila Stine hakuna Carothers. Bila Bolton, nailoni ingebaki ndani ya chupa.

Kwa hiyo wakikuuliza mkutanoni kama uko upande wa uhuru au upande wa nidhamu, usikubali kuchaguliwa upande. DuPont ilihitaji vyote, kimoja baada ya kingine, na kilichovishikilia ni pesa iliyotengwa kwa miaka, isiyokatwa kila robo mwaka.

Pesa hiyo ndiyo nataka tuikalie kidogo, maana hapo ndipo maabara nyingi hufa. Angalia General Electric, kampuni ya umeme na balbu ya Marekani. Mwaka 1900 walianzisha maabara Schenectady, New York, nayo ilianza ndani ya banda nyuma ya nyumba ya Steinmetz, mtaalamu wao wa umeme. Kiongozi alikuwa Willis Whitney, mwalimu wa kemia kutoka MIT, ambaye mwanzoni hakutaka hata kuacha kufundisha, akawa anakuja siku chache za wiki. Kampuni haikufanya hivyo kwa kupenda elimu. Hataza za Edison za balbu, yaani ile haki ya uvumbuzi inayolindwa na sheria, zilikuwa zimekwisha muda, na Wazungu wa Ulaya walikuwa wanakuja na taa bora. Ni vizuri kulijua hili: maabara nyingi kubwa za Marekani zilizaliwa kwa hofu ya kupoteza soko, na hataza walizotoa zilitumika kuwafungia wengine mlango.

Mwaka 1909 akaja pale Irving Langmuir. Wakati huo kila injinia wa balbu alikuwa anakimbizana na kitu kimoja, kuondoa hewa zaidi ndani ya kioo, kwa sababu waliamini mabaki ya hewa ndiyo yanayofanya kioo kiwe cheusi na waya ukatike. Langmuir akaomba afanye kinyume: aingize gesi kwa makusudi, moja baada ya nyingine, aone nini kinatokea juu ya waya wa tungsteni unaowaka. Kwa karibu miaka mitatu hakuwa na kitu cha kuuza, na Whitney akamwacha aendelee. Alichogundua ni kwamba weusi ule ulikuwa tungsteni yenyewe inayovukizwa na joto na kuganda kwenye kioo. Dawa yake: jaza nitrojeni ili kupunguza uvukizaji, na uzungushe waya kama springi ili usipoteze joto. Balbu hiyo ilitoka mwaka 1913 ikitoa mwanga uleule kwa umeme mdogo zaidi, na baadaye nitrojeni ikachanganywa na agoni. Kampuni ilipata fedha nyingi, naye Langmuir akapata Nobeli mwaka 1932 kwa kazi yake ya kemia ya nyuso za vitu, iliyoota kutokana na maswali hayohayo.

Sasa jiulize: Langmuir angekuwa chini ya shefu anayehesabiwa idadi ya balbu kwa siku, angedumu miezi mingapi? Sisemi shefu huyo ni mtu mbaya. Anapimwa kwa namba za mwezi, na mtu anayepimwa kwa namba za mwezi atachukua kila mkono ulio karibu mambo yakiharibika. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, dada. Hatakufungia maabara. Atakuazima mtu mmoja wa sampuli, halafu wawili, halafu mwaka utapita bila jaribio hata moja lako kumalizika, na hakuna atakayekuwa amelikusudia.

Lakini hatari ya upande wa pili ni kubwa vilevile, nami nimeiona kwa karibu hapahapa Katanga. Kampuni moja ambayo sitaitaja ilikuwa na watafiti wazuri walioketi mbali na kiwanda. Walijaribu dawa mpya kwa ile hatua ya kuvuta shaba kutoka kwenye tindikali kwa dawa iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya taa, hatua ambayo wewe na mimi tunaiita SX. Katika bika mambo yalikuwa mazuri sana. Unakoroga, unazima, unabonyeza saa, na mafuta ya rangi ya kahawia yanapanda, maji ya buluu yanashuka, mstari kati yao safi kama umechorwa kwa rula. Wakaandika ripoti nzuri. Kiwandani, mvua zilipoanza, mstari ule ukapotea. Katikati ukatokea utando mzito, wa rangi ya matope, unaoning'inia kama uji na kukamata mafuta ya bei ghali. Nilipoenda kuangalia, kijana mmoja wa zamu ya usiku alichota utando ule kwa kikombe, akausugua kati ya vidole, akasema: "Mwalimu, huu ni udongo." Alikuwa sawa. Madini ya msimu ule yalikuja na udongo mwingi na silika laini sana. Watafiti walikuwa wameichuja myeyusho yao kwa karatasi kabla ya kila jaribio, kama tulivyowafundisha chuoni. Kijana wa zamu alilijua tatizo wiki kadhaa kabla ya ripoti kusainiwa, na hakukuwa na njia ya neno lake kufika maabara.

Wajerumani wa BASF, kampuni ya rangi na kemikali, walilishughulikia mapema jambo hili la kuunganisha maabara na kiwanda, na kwa injinia wa metali kisa chao ni kitamu. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha kwenye meza ya maabara, Karlsruhe, kwamba nitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na hidrojeni kuwa amonia, kwa mgandamizo mkubwa na joto kali. BASF ikampa kazi ya kukipeleka kiwandani mtu wake mwenyewe, Carl Bosch, mkemia aliyekuwa amesoma pia metalujia na ufundi wa mashine. Kemia ya Haber ilikuwa sahihi. Mabomba ya Bosch yalipasuka baada ya saa 80 hivi. Akayakata, akayang'arisha, akayatazama kwa hadubini, akaona chuma imebadilika: hidrojeni ya moto ilikuwa inapenya ndani ya chuma chenye kaboni na kuila kaboni yake, ikaacha kitu chenye kuvunjika kama biskuti. Jibu lake lilikuwa la fundi. Ndani aliweka bomba jembamba la chuma laini isiyo na kaboni, lisiloweza kudhurika hivyo. Nje aliweka chuma kigumu cha kubeba mgandamizo, akakitoboa matundu madogo ili hidrojeni inayopenya ipate pa kutokea. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Wakati huohuo mwenzake, Alwin Mittasch, alikuwa anatafuta kichocheo. Haber alitumia osmiamu, metali adimu mno. Mittasch akajenga vyombo vidogo vingi vinavyofanana, akajaribu maelfu ya michanganyiko, kila mmoja ukiandikwa. Kilichomshangaza ni jiwe la magnetiti kutoka Gällivare, Uswidi: madini ya chuma ya kawaida yalifanya kazi vizuri kuliko chuma safi ya dukani. Wakafuatilia kwa nini, wakakuta uchafu uliomo ndani ndio unaosaidia, wakautengeneza kwa makusudi kwa kuongeza oksidi ya aluminiamu na chumvi ya potasiamu. Sisi tunaokaa juu ya madini yenye uchafu wa kila aina tungepaswa kukisoma kisa hicho mara nyingi.

Uvumilivu wa namna hiyo haukuanzia kwenye amonia. Kampuni hiyohiyo ilifuata nili, ile rangi ya buluu ya nguo, ya kutengenezwa kwa muda wa karibu miaka 17 tangu Adolf von Baeyer alipoitengeneza maabarani mwaka 1880 hadi ilipoanza kuuzwa mwaka 1897. Waliweza kwa sababu sheria ya hataza ya Ujerumani ya 1877 iliwahakikishia kwamba wakifanikiwa, njia yao haitaibwa kesho yake, na kwa sababu rangi nyingine walizokuwa wakiuza zilileta pesa kila mwaka. Ndiyo maana nakuambia angalia chanzo cha pesa kwanza.

Utasikia mtu akitaja Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Ni maabara niipendayo kuliko zote, lakini itumie kwa tahadhari. Ilisajiliwa mwaka 1925, mali ya AT&T na kiwanda chake Western Electric, nusu kwa nusu. Utafiti wa msingi ulilipwa na AT&T kutoka kwenye ada za makampuni ya simu ya mfumo mzima; kazi ya kutengeneza vifaa ililipwa na Western Electric. Mapato yale hayakutetereka kwa kuwa simu ya Marekani karibu yote ilikuwa yao. Ndani ya utulivu huo, Desemba 1947, Bardeen na Brattain walipata transista, kile kifaa kidogo cha kukuza na kuwasha-kuzima umeme, wakiwa katika kikundi cha Shockley, kule Murray Hill. Serikali iliwabana: baada ya hukumu ya mahakama ya 1956, ambayo kampuni iliikubali, ilibidi hataza zao za zamani wawape wengine. Na mwaka 1984 AT&T ilipovunjwa, mto ule wa pesa ukaanza kukauka na maabara haikurudi kuwa vile tena.

Kampuni yenu haina ukiritimba. Bei ya shaba yenu inapangwa London, inapanda na kushuka bila kuwauliza. Na hapa kwetu hatuhitaji kuambiwa inavyokuwa pesa ikikatika: Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu, ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1993 zilikuwa chini ya 50,000. Ukiomba uongozi uwape Bell Labs, watakucheka, na watakuwa na haki.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Bell kinachobebeka. Mervin Kelly, aliyeongoza utafiti pale na baadaye maabara nzima, aliweka vituo vya maabara ndani ya viwanda vya Western Electric, mfano Allentown, Pennsylvania. Watu wale walikula chakula na mafundi, lakini shefu wao alibaki wa maabara. Injinia wa kiwanda alikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole asubuhi ileile kifaa kinapokataa. Ninyi mnaweza kufanya hivyo kwa mtu mmoja tu.

Kinyume chake ni Xerox. Mwaka 1970 kampuni hiyo ya mashine za kunakili ilifungua kituo cha utafiti PARC kule Palo Alto, California, wakati viwanda vyake vilikuwa Rochester, New York, ng'ambo ya pili ya nchi. Kufikia 1973 walikuwa na Alto, kompyuta ya mtu mmoja yenye kipanya na madirisha kwenye kioo. Faida ya mawazo hayo wengi wanajua ilikwenda kwa wengine. Lakini watu husahau printa ya leza. Gary Starkweather alianza kuifikiria Rochester, wakubwa wake wa karibu hawakutaka, akahamia PARC mwaka 1971 akaikamilisha. Mwaka 1977 Xerox ikaiuza kama mashine kubwa ya 9700, na mapato yake yaliizidi mbali gharama ya kituo kizima. Maabara moja, watu walewale. Printa ilikuwa ndugu wa mashine ya kunakili, kampuni ilikuwa na mafundi wa kuitengeneza na wachuuzi waliojua wateja wake. Alto haikuwa na mtu wa kuipokea upande wa pili. Kwa hiyo kila kazi ya utafiti unayoianza, andika jina la mtu kiwandani atakayeipokea ikifaulu. Kama hakuna jina, kazi hiyo inaweza kuwa nzuri kabisa, ila ujue unaianza bila mpokeaji, na uongozi nao ujue.

Nije kwenye swali lako la pili, utajuaje kama maabara inastahili pesa. Hapa nakuomba uwaambie wakubwa wako kisa cha dawa wanayoinunua kila mwezi. Ile dawa ya SX inayovuta shaba, ya ukoo wa LIX, haikutoka kwenye kampuni ya madini. Ilitoka General Mills ya Minneapolis, kampuni ya unga wa ngano na nafaka za kifungua kinywa. Wakemia wake walikuwa wanatengeneza kemikali kutokana na mafuta ya mimea na wanyama, wakaona baadhi yake zinavuta uraniamu kutoka kwenye myeyusho, wakajiuliza kama inaweza kutengenezwa moja ya kuchagua shaba peke yake na kuiacha chuma. Miaka ya 1960 wakaipata. Mwaka 1968 mgodi wa Bluebird, Arizona, ukawa wa kwanza duniani kuitumia kibiashara. Mwaka 1974 ikavuka bahari hadi jirani zetu wa Nchanga, Zambia, kwa kusafisha mabaki ya zamani, na kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo wakati ule. Leo viwanda vingi vya kathodi, yaani bamba za shaba safi, kati ya Lubumbashi na Kolwezi vinaishi kwa dawa za ukoo huo. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilikuwa inatoa shaba Katanga tangu 1911, madini ya oksidi yanayofaa hasa kwa njia hii yalikuwa miguuni petu, na swali likajibiwa na watu wa unga. Kila pipa la dawa linaloshuka kwenye lori mpakani Kasumbalesa lina bei ya swali ambalo hatukuuliza sisi.

Au waonyeshe ule mlima wa mabaki pembeni ya bomba kuu la moshi la Lubumbashi. Kwa miongo mingi ulikuwa takataka za tanuri. Kuanzia miaka ya 2000 ukawa unayeyushwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani. Hesabu ya mwezi isingeonyesha hivyo wakati takataka zile zinamwagwa.

Kenneth Mees, Mwingereza aliyeanzisha maabara ya Kodak, kampuni ya filamu za picha, kule Rochester miaka ya 1910 na kuiongoza kwa miongo mingi, alikuwa na msimamo juu ya nani aamue kipi kichunguzwe. Bora zaidi ni mtafiti mwenyewe, baada yake mkuu wa kikundi chake. Mkurugenzi wa utafiti hukosea zaidi ya nusu ya wakati, kamati hukosea karibu kila mara, na kamati ya makamu wa rais wa kampuni hukosea daima. Nakubaliana naye nusu. Mtafiti anajua kipi kinachunguzika. Hajui kila mara kipi kinauma, na kijana wa zamu ya usiku mwenye udongo vidoleni anajua.

Basi ningekuwa wewe, mkutanoni ningekubali jambo moja haraka: sampuli za kila siku, vipimo vya tindikali, usafi wa kathodi, vyote viende chini ya shefu wa uzalishaji pamoja na watu wake. Hiyo ni kazi ya kiwanda na imekuwa ikiwala muda wenu kwa jina la utafiti. Kwa upande wako ungebaki na watu wachache, hata watatu, walipwe kutoka ofisi ya mkurugenzi mkuu kwa bajeti ya miaka miwili isiyoguswa bei ya shaba ikishuka. Mmoja kati yao meza yake iwe kiwandani. Shefu wa uzalishaji akuletee maswali yake kwa maandishi na alipie kutoka kwenye mfuko wake, kama vitengo vya DuPont vilivyomlipa Stine. Usipokuwa na wateja wa ndani kwa mwaka mzima, hiyo ni habari unayopaswa kuisikia. Majaribio yote ya SX yafanywe kwa myeyusho uliochotwa kiwandani siku hiyo, wa kiangazi na wa masika, bila kuchuja.

Kipengele kimoja kiandikwe na kusainiwa, maana ndicho kitakachovunjwa kwanza. Kiwanda kikisimama, shefu ana haki ya kuwaita watafiti wote watatu, na waende mbio, maana huko ndiko watakakojifunza zaidi. Lakini mpatane mapema wanakaa huko siku ngapi, nani anawarudisha, na kwamba zikipita siku hizo, mishahara yao inahamia kwenye bajeti ya uzalishaji mpaka watakaporudi. Mtu wa fedha atalisimamia hilo kwa ajili yako bila kuombwa.